Nchi Iliyo Chini ya Kidole Gumba

Nimeitandaza ramani juu ya meza ya jikoni,
pembe moja nimeibana kwa chupa ya mafuta ya zeituni,
nyingine kwa mkate wa jana.
Ulaya yote imelala hapo, imejaa makombo.
Naitafuta Luxemburg kwa miwani, kisha bila miwani,
na nikiipata naifunika yote kwa kidole gumba;
ukucha unabaki Ufaransa.

Graciete wa nyumba ya pili kaja kuazima hamira, kachungulia.
"Siku nane huko? Utaimaliza kabla ya chakula cha mchana."
Nikamwambia: Belmiro aliingia humo ana miaka ishirini na miwili,
akaitafuta njia ya kutokea
miaka thelathini na mmoja.

Mwenyewe yupo, kando ya jiko la kuni,
anamenya viazi, ganda refu halikatiki.
Namuuliza, kuna nini cha kutazama huko?
"Mvua."
Namuuliza tena.
"Mvua. Na siku hizi basi hazitozi nauli."

Basi langu mimi linatoza.
Ijumaa, saa nane mchana, kutoka Chaves,
kufika Jumamosi jioni, Mungu na dereva wakipenda.
Bwana Horácio wa tiketi kaniuliza, dirishani au njiani?
Dirishani. Nimeilipia Hispania nzima, nataka kuiona.

Fedha nilizihesabu kutoka kopo la kahawa,
kopo alilolileta Belmiro, Agosti ya mwaka niusahauo.
Kila Agosti alishuka na gari la namba za kigeni,
chokoleti iliyoyeyuka ikaganda tena,
na vidole vyenye chokaa isiyosikia sabuni.
Mwezi mmoja, kisha mlango wa gari, kisha vumbi.
Nimewahi kuzijumlisha Agosti zile, usiku, bila usingizi:
ujana wetu wote wa ndoa
ni miaka miwili na miezi saba.

Sigombi. Nyumba hii ina vyumba vitano
na kila kimoja kina jina la majira ya baridi aliyoyapitisha kule.
Nataka tu kukiona kilichokuwa kikila miezi kumi na mmoja.

Ilda, niliyemshika siku ya ubatizo wake, atanipa kochi.
Kaniandikia orodha: kasri, daraja refu, ngome juu ya bonde.
Nimemsomea Belmiro kwa sauti.
Kasri liko upande gani?
"Sijui. Halikuhitaji lipu."

Soksi nzito jozi tatu. Dawa ya presha.
Soseji za moshi nimezifunga kwa gazeti, kisha kwa taulo, kisha kwa gazeti,
na bado sanduku linanuka kama jiko la mama yangu.
Mafuta lita tano. Graciete anasema mpakani watanicheka.
Mpaka gani? Belmiro anasema, utapita umelala.

Jana usiku kavuta bahasha ya duka la dawa
akaanza kuchora, bila kuombwa.
Hapa stesheni ya Esch. Hapa duka la Mwitaliano, labda amekufa.
Mtaa huu, huu, na ule: kuta tupu,
mji usio na kanisa wala mto,
kuta alizozipiga lipu yeye na mikono yake.
Kwenye jengo la ghorofa nne katia alama, akakaza penseli.
Ndani kukoje? nikauliza.
"Nilikuwa nje ya dirisha."

Kisha akainuka, akachochea moto usiohitaji kuchochewa.
"Pembe ya kushoto, juu, kulikuwa na ufa.
Niliuziba mara mbili. Kautazame.
Kama umerudi, usiniambie."

Taa nilikwisha kuizima
aliposema gizani:
"Niambie."