Malalamiko ya Alhamisi

Kengele ya mlangoni kwetu hailii, inakohoa.
Ndivyo tunavyojua mtu ameingia.
Nje ni Nebraska, Februari, theluji imekuwa tope la kijivu,
na treni la mahindi linapita, linapita,
hadi glasi zinagongana rafuni.

Saa kumi na mbili jioni huja watu wa kiwanda cha nyama,
vidole vimekakamaa kwa baridi ya majokofu.
Hawasomi menyu. Husema, "Kama jana,"
hukumbatia bakuli la mchuzi kwa mikono miwili,
na kwa dakika tano
hakuna anayekumbuka kusema kitu.

Rosalva, muuguzi, hula amesimama.
Anasema akikaa hatainuka.
Mwanamke wa benki huuliza kila mara
kama parachichi linalipiwa zaidi.
Linalipiwa. Hushusha pumzi. Huagiza.
Wapo wanaoomba uma wa kulia tako;
mama huwatazama kupitia kidirisha cha jikoni
kama dereva anayetazama ng'ombe wakivuka barabara:
hana hasira, anasubiri tu.
Na kuna mtoto aliyetuachia bakshishi ya jino,
jino lake mwenyewe, limeviringwa katika karatasi ya kufutia mikono.
Limo ndani ya mtungi wa sarafu hadi leo.

Halafu kuna Bwana Verlyn Stuhr.
Miaka kumi na moja, kila Alhamisi, meza ya dirishani,
kofia juu ya goti, enchilada mbili, maziwa baridi.
Huchovya kipande cha tortila katika salsa ya mama,
hutafuna, masikio yanamwiva,
jasho linamchuruzika hadi kwenye ukosi,
kisha huniita kwa kidole:
"Mwambie mama yako anataka kuniua."
Mimi hupeleka ujumbe jikoni.
Na mama, bila kuinua macho kutoka kwenye kinu cha jiwe:
"Mwambie bado nafanya mazoezi."

Pilipili usiyoila yakuwashiani?
Huyu aliila. Ikamwasha. Akarudi.
Hata katika daftari la maoni aliandika,
kwa herufi nene za mtu aliyezoea kuandika juu ya magunia:
CHAKULA KIZURI. SALSA NI KOSA LA JINAI.

Mwezi uliopita mama alipelekwa Omaha kupasuliwa nyongo.
Mchi nikaushika mimi.
Nikawaza: basi, mzee wa watu naye apumzike.
Nikatoa mbegu zote.
Pilipili sita nikazifanya moja,
nikaongeza nyanya, na sukari kidogo,
Mungu anisamehe.

Alhamisi ikafika. Kengele ikakohoa.
Akachovya. Akatafuna.
Masikio yakabaki meupe.
Akachovya tena, polepole,
kama anayetafuta kitu kilichodondoka ndani ya bakuli.
Akaiweka kofia mezani.
Hajawahi kuiweka kofia mezani.
"Maricruz," akaita, kwa jina, si kwa kidole,
"nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa. Ni nyongo tu. Anarudi Jumatatu.
"Jumatatu," akasema, kana kwamba neno lenyewe
lilihitaji kupimwa uzito.
Akatazama treni hadi behewa la mwisho.
Maziwa hakuyagusa.
Alipoondoka nilikuta dola ishirini chini ya sahani
na daftari limeachwa wazi:

SALSA HAINA KOSA LOLOTE.
TAFADHALI REKEBISHENI.

Mama aliisoma akiwa bado kitandani.
Akacheka, akaishika mishono yake, akalaani,
kisha akaniuliza
mbegu nilizitupa wapi.