Miwani ya Mgombea

Walikuja na gari jeupe siku tisa kabla ya uchaguzi,
wakaliegesha pale ilipokuwa ghala ya tumbaku.
Miwani ya bure, walisema, zawadi ya Bwana Hranov,
ili wazee wa Rodopi waione kesho yao.
Nina miaka hamsini na minane, Elitsa.
Nilipanga foleni na wazee.

Husemwa macho hayana pazia.
Yangu yalikuwa nalo, zito, la ukungu,
na nililizoea hata nikadhani ndivyo dunia ilivyofumwa:
mlima hauna miti, una ukijani tu,
na watu hawana nyuso mpaka wakusalimu.
Kijana wa miwani akaniuliza, "Unaona herufi gani?"
Nikamjibu, "Herufi zipi?"
Hakucheka. Akageuza kioo, akageuza tena,
ukuta ukaanza kusema.

Mitko msimamizi unamjua.
Miaka kumi na mmoja ananiita Mikono ya Mbao.
Kola zangu hupinda, mshahara wangu hukatwa,
nami, nikwambie kweli, niliitikia jina hilo.
Nikiangusha kijiko jikoni, peke yangu, nilisema: mbao.
Jumanne nikainamia cherehani namba kumi na nne
nikaona sindano imekaa upande,
unene wa unywele, si zaidi.
Imekaa hivyo tangu lini?
Tangu enzi za Stoyna, yule waliyemfukuza?
Nikamwita Mitko. Akaitazama sindano,
akaitazama mikono yangu,
akasema, "Hata hiyo umeipinda wewe."
Kwa jicho lake hakuna gari jeupe litakalokuja.

Kituo cha basi kina bango la Hranov.
Kwa mbali nilikuwa nikimpenda,
shavu la mtoto wa watu, tabasamu la mkate wa moto.
Safari hii nikasogea.
Nukta. Nukta nyekundu, nukta za buluu,
na kati ya nukta, ukuta.
Nikavua miwani niifute, kidole kikapita juu ya mkono wake,
kikakuta herufi zimechongwa: jina lake tena.
Basi kila nitakachokiona
atakuwa amenishika sikio.

Kanisani ndiko nilikoogopa kwenda.
Lile doa juu ya mlango wa kaskazini,
Mama wa Mungu aliyejichora mwaka wa ukame,
bibi yako alilifuata kwa magoti kutoka kijiji cha pili.
Ni bomba, Elitsa. Bomba lenye kutu, linavuja.
Kando yangu Nevena alikuwa analia kwa ajili ya figo za mjukuu wake.
Nikavua miwani, Mama akarudi mahali pake.
Najua habari ya bomba.
Niliwasha mshumaa.

Baba yako anasema aliyekupa macho humnyimi kura.
Sevda wa jirani anasema tahadhari,
huenda vioo hivyo vinaonyesha anachotaka yeye tuone.
Nikamuuliza, kwa nini basi nimemwona yeye kuwa nukta?
Akafikiri kidogo, akasema hiyo ndiyo hila yenyewe.
Jumapili nikaingia kwenye kile kibanda.
Hapo pazia lilikuwepo kweli, la khaki, limechanika pindoni.
Nilipiga kura miwani ikiwa puani.
Zaidi ya hapo usiniulize.

Jana usiku tulimenya pilipili za kuchoma,
baba yako akiwa upande wa taa,
nikaona kovu chini ya jicho lake la kushoto,
jembamba, kama mshono wa fundi mzuri.
"Hilo la lini?"
Akapangusa masizi vidoleni. "Hilo?
Lilikuwepo siku ya harusi."

Tuma picha yako kutoka huko Valensia.
Si kama zile za simu, zile ndogo,
nilizokuwa nikizibusu na kusema umenenepa, umenenepa.
Tuma kubwa.