Omu Nne, Omu Moja

Desemba ishirini na mbili, Njoro, Moshi.
Magari ya Dar yamepanga foleni hadi kwa muuza mkaa,
kila mmoja kapanda na jambo lake la kuonyesha.
Aminieli kaja na Maki Tuu nyeusi,
spika mbili za inchi kumi na mbili kwenye buti,
na amplifaya yenye maandishi ya dhahabu: WATI ELFU TATU.
"Fundi Ndeshi, nifungie omu moja.
Nikianza kupanda Kibosho, nataka migomba ijue."

Maandishi hayo nayajua.
Karatasi haikatai wino, na bati halikatai rangi.

Nikatoa mita, na kile kipande cha boksi ninachoandikia.
Kwanza nikazipanga koili mpaka zikasoma nne.
Ampea arobaini, volti kumi na tatu na nusu:
wati mia tano na arobaini zinaingia,
mia nne na thelathini zinafika kwenye spika.
Zilizobaki ni joto tu.
Mgongo wa amplifaya ulikuwa vuguvugu,
kama mkate uliochelewa kufika mezani.

Kisha nikazifunga zote sambamba. Moja.
Ampea mia na kumi. Volti zikateleza hadi kumi na mbili na kipande.
Taa za ndani zikaanza kusinzia,
dum, giza,
dum, giza,
kama mzee wa kanisa kwenye ibada ya pili.
Zimeingia elfu moja mia tatu na thelathini.
Zimetoka mia nane.
Nikaweka kidole mgongoni, nikakitoa haraka.

"Mia nane!" Akapiga boneti kofi.
"Si karibu mara mbili?"

Aminieli ana duka la vitenge Kariakoo,
basi nikamsemesha kwa lugha ya kaunta:
Mwanzo ulinunua majora kumi, ukauza manane.
Sasa unanunua ishirini na tano, unauza kumi na tano,
kumi yanaungua stoo, na moto unaupepea mwenyewe.
Halafu sikio, Amini, sikio ni mteja bahili.
Mpe wati mara mbili, atakujibu,
"Naam, imeongezeka kidogo."
Na altaneta yako ni ya mtumba. Ikiamka vizuri inatoa themanini.
Thelathini nyingine utamkopa betri,
na betri hudai usiku.

Akacheka mpaka akashika mbavu.
"Nifungie moja, dada."
Nikafunga moja. Pesa ni yake, na gari ni lake.
Namba yangu ya simu nikaiandika ndani ya buti kwa kalamu nene.

Saa tano usiku, ikalia.
"Ndeshi. Limezima. Lote."
Nyuma ya sauti yake, migomba kimya, haijui lolote.

Nikapanda bodaboda, betri ya akiba nimeipakata kama mtoto,
baridi ya Kibosho ikipita kwenye mikono ya sweta.
Mlima ulikuwa juu yetu na barafu yake yote,
na bado niliungua kidole gumba kwenye ile amplifaya.

Tochi mdomoni, nikahamisha nyaya.
Sikumwambia neno. Naye hakuuliza ngapi.

Tukaingia uani polepole, muziki ukiwa umefunguliwa,
taa za mbele zimetulia juu ya ukuta wa banda.
Mama yake katoka, kanga mabegani.
"Nilikusikia tangu darajani," akasema,
"ukanyamaza ghafla, nikajua mmeanguka."

Aminieli akashusha kioo chote.
"Na sasa, mama? Sauti imepungua?"

Akasimama kidogo, kichwa kaukunja upande,
akisikiliza kwa haki kabisa, kama anayepimiwa maziwa.
"Ni ileile," akasema.
"Sasa izime. Ng'ombe kazaa jana."