Uzi wa Fundi Numbi

Lori langu lilizaliwa mara tatu.
Chesisi ni ya Mjerumani, ya mwaka nisioujua,
imeungwa mita moja na nusu kwa nyuma ili ibebe magunia zaidi.
Kebini ni ya Fuso, imekaa juu yake kama kofia ya kuazima.
Injini tuliinunua Kasumbalesa, usiku, bila karatasi.
Usukani ulikuwa kulia. Kabwit aliuhamishia kushoto kwa mikono yake,
akaziba tundu lililobaki kwa kifuniko cha kopo la maziwa,
na hadi leo, barabara ikiwa mbaya, kifuniko kinaimba.

Kwa hiyo sikushangaa lilipoanza kwenda upogo.
Mwanzoni kidogo tu, kama mtu anayetegea sikio maneno ya jirani.
Baadaye kila gunia la mahindi nililolitoa Kasenga
lilifika Katuba likiwa limevutwa na bega langu la kulia.
Tairi la mbele likaliwa upande wa ndani
kama muhogo uliogugunwa na panya.

Mjini kuna mashine ya kupimia, ina taa nyekundu.
Kijana mwenye glovu safi akauliza: aina gani? mwaka gani?
Nikamtajia majina matatu.
Akazunguka lori, akainama, akainuka.
«Mama, hili si gari. Hili ni ukoo.»
Akazima mashine.

Fundi Numbi wa Kamalondo hana taa.
Ana uzi wa mshonaji, chaki, mti ulionyooka,
na Chola, mtoto wa dada yake, anayetumwa kuleta kila kitu
na kurudi na kingine.
Kwanza walilisukuma mbele, wakalirudisha nyuma,
«lisahau safari,» akasema.
Wakalinyanyua kwa jeki, wakapaka chaki, wakazungusha tairi,
msumari ukachora mstari mwembamba katikati ya mpira.
Kisha mti: nyuma uligusa huku na huku.
Mbele ulibaki na nafasi ya vidole viwili.
«Magurudumu yako hayapatani. Kila moja linaangalia kwao.»

Nati ya fimbo ya stelingi ilikataa.
Mafuta ya taa, nyundo, matusi ya Chola, nyundo tena.
Mimi nilijua ni mkono gani uliikaza mara ya mwisho.
Nusura niwaambie waiache.
Ikalia kama mlango, ikalegea,
na kutu nyekundu ikadondoka juu ya kiatu changu.

Robo mzunguko. Pima.
Robo. Pima. Rudisha kidogo, umezidisha, wewe!
Uzi ukanyooshwa kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele
na fundi akafumba jicho moja, akakaa kimya muda mrefu.
Ekseli ya nyuma imelala mshazari, unene wa kidole gumba.
«Hiyo ya kuzaliwa,» akasema. «Hiyo hatuigusi.»

Tukaenda kulijaribu pale barabara inapotazama
mlima mweusi wa takataka za shaba, na dohani yake.
«Elekeza pua kwenye dohani. Achia mikono.»
Nikaachia.
Lori zima, pamoja na viungo vyake vya kuazima,
likaenda moja kwa moja kama limeitwa jina.
Mbuzi akavuka, akarudi. Halikuyumba.

Nikaushika usukani tena,
na papo hapo tukaanza kuhamia kulia, kuelekea mtaroni.
«Breki!»
Numbi akacheka mpaka akakohoa.
«Lori nimelinyoosha. Sasa anayevuta ni wewe,
na wewe, mama, sina uzi wa kukupima.»

Nilimlipa faranga na debe la unga wa bukari.
Tairi lililoliwa kuku wanalitumia kama kiota.

Wiki ya tatu hii. Kasenga ni ileile, mashimo ni yaleyale.
Nakumbushia bega langu: legea, hakuna kinachokuvuta.
Linasikia kwa kilomita mbili tatu, kisha linasahau.
Chola alijitolea kuja na bisibisi
anikazie kile kifuniko, kisipige kelele.
Nikamwambia kesho.
Nimeshamwambia kesho mara nne.