Nanasi la Uongo

Kwanza niseme: sikuwa na hisa.
Niliosha chupa.
Miaka kumi na minne, ua wa nyuma, Barabara ya Tisa, Ngamiani,
nachokonoa shingo za chupa kwa kumbi na mchanga wa kuchekecha,
hata leo kidole hiki cha kati hakikunjiki sawasawa.

Bi Mwanatumu Shekalaghe alianza na mapakacha mawili
ya machungwa ya Muheza, yaliyoanguka, yenye doa,
yale mchuuzi huyapita kama mdeni ampitavyo mdai.
Akakamua. Akachuja kwa kipande cha bafta.
Sukari alitia kwa jicho, si kwa mizani,
na ganda lililosagwa, kiasi cha ukucha.
Hiyo ndiyo iliyokuwa siri. Naisema sasa
kwa kuwa aliyeniapisha hayupo.

Jina akaliita Tulizo.
Lebo akaipeleka kwa Kaitano mpiga chapa, karibu na stesheni.
Kaitano akapekua droo zake:
alikuwa na jogoo,
alikuwa na nanga,
alikuwa na nanasi.
Chungwa hakuwa nalo.
"Mama, tunda ni tunda."
Bi akafungua pindo la khanga, akahesabu kilichomo,
akahesabu tena,
akasema, "Piga."

Basi Tanga ikanywa chungwa ndani ya nanasi.
Mgeni akiuliza, wenyeji humcheka.
Siku ya mshahara wakashuka watu wa mashamba ya mkonge,
vumbi la katani mpaka kwenye nyusi,
wakagonga meza: "Nipe nanasi la uongo!"
Hapo Tulizo likafa midomoni mwa watu,
likabaki kwenye karatasi tu.

Na mbegu. Bafta ikichakaa, mbegu hupenya.
Mhina wa posta alikuja amefura,
mbegu kaishika kwa vidole viwili kama jino la mtoto.
Bi hakuomba radhi.
Alimpa chupa nyingine, akatuma mtu atangaze sokoni:
atakayekuta mbegu, ya pili hailipiwi.
Kesho yake watu wamejaa mlangoni, mbegu mifukoni,
za ndimu, za balungi, moja ya papai.
Alizipokea zote
isipokuwa ya papai.

Mwaka sukari ilipopotea
tulisimama foleni, kilo moja kwa kaya,
na kaya yetu sisi ilikuwa chupa mia tatu.
Akajaribu sukari guru, ikawa dawa ya kikohozi.
Akajaribu asali. Nyuki wakatuhamisha uani
siku mbili tunapikia kwa jirani.
Akafunga. Chupa zikalala kifudifudi
kama waliokufa kwa kiu.

Alifungua tena, ndiyo, lakini magoti yalikwisha.
Mwanawe Hozza hakupenda kunata mikono.
Wakaja watu wa Dar es Salaam, tai shingoni, joto lile,
wakanunua jina.
Jina tu, kwenye karatasi yenye stempu tatu.
Bafta hawakuiuliza.
Ganda hawakuliuliza.
Mimi nilikuwa pale pale, nimeinama kwenye karai,
wakaniruka wasilowane viatu.

Jana mjukuu wangu Nasra kaniletea moja,
ya plastiki, baridi hata inatoka jasho.
Tulizo! Na lebo wameisahihisha:
chungwa limechorwa, lina jani, lina umande,
huoni kosa hata la nukta.
Nikavaa miwani, nikasoma yale maandishi ya sisimizi mgongoni:
maji, sukari, tindikali, rangi,
namba, namba, namba.
Zamani picha ilidanganya, chupa ikasema kweli.

Nimeinywa. Kiu ilikuwapo, na mtoto ananitazama.
Ni tamu, sitasingizia.
Kisha nikaiinua juani, nikaipindua,
nikaitikisa karibu na sikio.

"Bibi, watafuta nini?"

"Ya pili," nikamwambia.
Hakunielewa, akaenda kununua.