Bangili ya Mkono Uliobaki

Kitanda cha kufumia nilikiunda kwa fremu ya dirisha,
dirisha la nyumba iliyobomolewa Chang'ombe;
huku na huku nimekaza vitana viwili vya plastiki,
kila pengo la meno linapitisha uzi mmoja wa mtande.
Nyuzi kumi na sita, shanga kumi na tano.
Hesabu hiyo haijawahi kunidanganya.

Mchoro nauchora kwenye daftari la Nyemo, lile la miraba:
mraba mmoja, ushanga mmoja.
Ukurasa huu pembetatu zangu nyekundu,
ukurasa wa pili saba mara nane hamsini na nne,
na mwalimu kapiga mkasi.

Alikuja Jumatano, upepo umebeba nusu ya vumbi la Nkuhungu.
Lameki Chilongani, wa Kibaigwa.
Akaulaza mkono wa kulia mezani
kama mtu anayetua mzigo kwenye mizani.
Wa kushoto haukuwepo; shati limefungwa fundo.
"Mashine ya kupukuchua," akasema,
kama vile nimeuliza bei naye kanijibu.

"Usinichoree twiga. Wala bendera.
Nataka mdomo wa gunia:
mweupe, halafu mstari wa kijani,
halafu ule uzi wa kushonea, wa mshazari.
Miaka kumi na minne nimeshona magunia pale sokoni.
Shazia naijua kuliko jina la mkwe wangu."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Watu wanasalimia mkono usiokuwepo.
Wakitaka kutazama, watazame huu."

Nikampima kwa uzi, nikafunga fundo,
nikautia kwenye kiberiti kitupu, nikaandika jina.

Sindano inapita chini ya mtande na shanga zake kumi na tano,
kidole kinazisukuma juu, kila moja ikae chumbani mwake,
kisha inarudi kwa juu, matundu yale yale.
Chini unabeba, juu unafunga.
Usipofunga, umemwaga uwele.

Mstari wa ishirini na mbili ushanga mmoja ulikuwa mnene,
umewabana wenzake kama mama mchungaji kwenye benchi.
Nikauvunja kwa koleo. Uzi ukalegea, nikauvuta.

Usiku wa tatu nashona kulabu na kitanzi,
mkono ukasimama hewani:
nani atamfungia?

Nikamwita Nyemo, anifunge wa kushoto mgongoni kwa kanga.
Nikajaribu kwa meno. Nikajaribu kwa goti.
Kulabu inapita kando ya kitanzi, inapita tena.
Nyemo alicheka, kisha akaacha.

Asubuhi nikaenda kwa mfua bati wa Majengo,
akanikatia utepe wa shaba, upana wa vidole viwili.
Nikaukunja kwenye mchi wa kinu, nikauacha mdomo wazi,
ndani ngozi ya mbuzi, nje shanga.
Hii haifungwi. Unaisukuma kwenye ukingo wa meza,
inaingia yenyewe.

Lakini mdomo ukiwa wazi, mistari sita imezidi.
Nikaifumua, na roho ikiniuma,
shanga zinadondoka kwenye kisosi.
"Sita mara kumi na tano," nikamwambia Nyemo.
Akatazama dari, akatazama vidole.
"Tisini."
Hapo hakuna mkasi.

Lameki hakusema asante.
Aliisukuma kwenye meza yangu, ikaingia,
akaizungusha kwenye mwanga wa mlango
kama anayekagua gunia kabla ya kupakia.
Akanionyesha kwa kidevu, maana kidole cha kuonyeshea
kiko kwenye mkono ule ule uliovaa:
"Hapa umevuta uzi."
Mstari wa ishirini na mbili.
"Gunia ningelirudisha. Hii iache."

Akatoka. Upepo ukataka kofia yake,
akainua mkono kuishika,
na mstari wa kijani ukapanda nao.