Jumanne Kavu

Nimekuja kutafuta bei ya mafuta ya taa.
Hilo tu. Debe moja, Pumwani, mwaka wa thelathini na sita,
ili Mwanaheri wangu, mshonaji ambaye hajawahi kuzaliwa,
awashe kandili yake bila kunitia aibu.

Bwana Kiplimo wa Nyaraka haniulizi kadi tena.
Ananiuliza, "Leo ni nani?"
kama mtu anayejulia hali wagonjwa wa nyumbani.
Namtajia. Anasukuma kitoroli, gurudumu moja linalia,
masanduku yanateremka na vumbi lake la gundi na panya.
Nje, Moi Avenue inapiga honi. Humu ni penseli tu,
wino umekatazwa,
na kikohozi cha mama anayesaka mpaka wa shamba.

Bei sijaipata.
Nimepata barua ya karani wa reli, Zakaria Ogutu, akilalamika
kwamba bata wa jirani hulala juu ya baiskeli yake.
Barua tatu, mihuri mitatu, na jibu la bwana mkubwa:
"Suala la bata linashughulikiwa."
Jirani alikwisha kufa, bata aliliwa zamani,
nami nabana kicheko kwa kiganja
nisije nikalowesha ushahidi.

Nimepata orodha ya vitu vilivyosahauliwa stesheni:
miavuli kumi na mmoja, meno ya bandia,
kiatu cha mtoto, kimoja, cha kushoto.
Nikafunga jalada. Nikalifungua tena.
Nani alishuka Nairobi na mtoto mwenye mguu mmoja peku?
Sikumwita. Amekwisha kuingia kitabuni,
amekaa, anangoja nimpe jina.

Mume wangu husema, "Si utunge tu? Nani atakushtaki?"
Kweli, uongo ndio unaonilisha.
Naweza kumtungia Mwanaheri penzi, talaka, hata kifo.
Bei ya debe siwezi.
Bei ya debe kuna mtu aliilipa.

Saa tisa na robo, daftari la hali ya hewa.
Jumanne ile, Jumanne yangu ya sura ya saba,
mvua iliyowafungia dukani yeye na karani
wakatazamana mara ya kwanza, bati likinguruma juu yao:
"Kavu," imeandikwa. "Upepo. Vumbi jingi."

Kurasa thelathini, kwaheri.
Ningelia. Badala yake nimesisimka mwili mzima.
Vumbi! Basi lilimwingia jichoni.
Basi alisimama katikati ya njia, anafikicha, haoni,
na baiskeli ikaja mbio,
mwenyewe amesimama juu ya pedali, hakalii tandiko,
kwa sababu ya bata...

Kengele. Bwana Kiplimo anakusanya masanduku.
"Umepata?"
"Sijapata."
"Mbona unacheka, basi?"

Kesho nitarudi kutafuta bei ya mafuta ya taa.
Namwomba Mungu isipatikane upesi.